King'amuzi kimezima? Jinsi ya kusaka na kubadilisha kipuri kilichoungua

Na MWANDISHI WETU

UKIPITA katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia Ndia Kuu karibu na Ngome ya Yesu hadi mitaa ya Kibokoni na Kuze, si ajabu kumwona fundi ameinamia meza ndogo, miwani puani, chuma cha kulehemu mkononi, na mbele yake bodi ya kijani iliyojaa vidude vya kila rangi. Pembeni pamepangwa redio, feni, adapta na ving'amuzi vinavyosubiri zamu yao.

Wenye vifaa hivyo wengi hudhani vimekufa. Ukweli ni kwamba mara nyingi ni kipande kimoja tu kilichoharibika, pengine chenye ukubwa wa ncha ya kidole, na kwamba kifaa kizima kinaweza kufufuka kwa gharama iliyo sehemu ndogo tu ya bei ya kununua kipya.

Hata hivyo, kazi hii ina pande mbili. Ikifanywa vyema, humwokolea mwananchi fedha. Ikifanywa ovyo, huweza kuleta maafa. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko, na vichochoro baina yake ni vyembamba kiasi kwamba gari la zimamoto haliwezi kupenya. Fyuzi moja iliyofungwa kwa uzi wa waya badala ya kubadilishwa yatosha kuziweka hatarini nyumba za jirani wote.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua namna kipuri kilichoharibika kinavyotambuliwa na kubadilishwa, ili anayejifunza ufundi apate msingi, na mwenye kifaa ajue maswali ya kumuuliza fundi wake kabla ya kulipa.

ADUI WATATU WA PWANI

Vifaa vya umeme katika kisiwa cha Mombasa hukabiliwa na maadui watatu kwa pamoja: chumvi, joto na umeme usiotulia.

Upepo wa bahari, uwe wa kaskazi au wa kusi, hubeba chembechembe za chumvi hadi ndani ya nyumba. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Inapotua juu ya bodi na kupata unyevu, hugeuka kuwa maji ya chumvi yanayopitisha umeme pasipotakiwa na kuila shaba. Ndiyo maana bodi nyingi za pwani zikifunguliwa huonekana na ukoga wa kijani kwenye miguu ya vipuri.

Joto nalo hukausha majimaji yaliyomo ndani ya kapasita, kipande ambacho tutakieleza hapa chini. Ama umeme, nchini Kenya hutarajiwa kufika nyumbani ukiwa na nguvu ya takriban volti 240. Unapokatika na kurejea kwa kishindo, nguvu hiyo inaweza kupanda ghafla kwa muda mfupi. Wakenya wanakumbuka giza lililotanda kote nchini Januari 11, 2022 na tena Agosti 25, 2023. Aghalabu ni wakati wa umeme kurejea, wala si wakati wa kupotea, ambapo vifaa huungua.

Yupo pia adui wa nne asiyetajwa sana: mjusi kafiri. Hupenda kujificha ndani ya kifaa chenye joto, na akigusa sehemu mbili zenye umeme kwa wakati mmoja, yeye hufa na kifaa hufa naye. Sisimizi nao hufanya vivyo hivyo.

BODI INAVYOFANYA KAZI

Huwezi kumpata mkosaji usipojua kazi ya kila mmoja. Tuchukue mfano wa king'amuzi, kifaa kilichoenea katika nyumba nyingi tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015. Sehemu yake inayougua zaidi ni ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo, kwa kawaida volti 12 au 5.

Umeme unapoingia hukutana kwanza na fyuzi, yaani kijiuzi chembamba ndani ya kigae cha kioo, ambacho hukatika mkondo ukizidi kiasi. Karibu nayo huwepo kidude cha duara mfano wa sarafu, aghalabu cha rangi ya buluu, kiitwacho varista. Kazi yake ni kujitoa mhanga: nguvu ikipanda mno, chenyewe huvuta mkondo mkubwa, fyuzi ikakatika na vipande vingine vikasalimika.

Baadaye umeme hupita katika dayodi nne. Dayodi ni kama mlango wa upande mmoja. Huruhusu mkondo kwenda mbele na kuuzuia kurudi nyuma. Kwa njia hiyo mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hugeuzwa kuwa mkondo wa upande mmoja.

Hapo ndipo ilipo kapasita kubwa, yenye umbo la mkebe na maandishi ya volti 400. Kapasita ni kama birika la maji: huhifadhi umeme na kuutoa kidogo kidogo ili mkondo usiwe na mawimbi. Kwa kuwa kilele cha umeme wa volti 240 ni karibu volti 340, hicho ndicho kiasi kinachokaa ndani ya kapasita hiyo.

Kisha transista huuwasha na kuuzima umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo. Upande wa pili umeme hutoka ukiwa mdogo, ukapita kwenye dayodi nyingine na kapasita ndogo za volti 16 au 25, kisha ukaenda kulisha king'amuzi.

Katika safari hiyo yote, wanaougua mara nyingi zaidi ni kapasita za upande wa kutokea, fyuzi, varista, dayodi na transista.

USALAMA KABLA YA BISIBISI

Jambo hili halina mjadala. Kifaa kilichochomolewa ukutani bado kinaweza kukuua. Kapasita kubwa tuliyoitaja huweza kubaki na volti 340 kwa dakika kadhaa, na ikiwa bodi imeharibika, kwa muda mrefu zaidi.

Kwanza, chomoa plagi. Usitosheke na kuzima swichi. Pili, subiri angalau dakika tano. Tatu, pima volti kati ya miguu miwili ya kapasita kubwa kwa mita iliyowekwa upande wa mkondo wa moja kwa moja, kipimo cha juu.

Iwapo bado kuna volti, ziondoe kwa kutumia resista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zilizovikwa mpira vizuri. Kwa kapasita ya mikrofaradi 100, sekunde tano zatosha kumaliza karibu umeme wote. Shikilia kwa sekunde kumi, kisha pima tena. Wako mafundi wanaogusisha bisibisi kwenye miguu hiyo. Mtindo huo hutoa cheche, huchoma bodi na unaweza kumrushia mtu chembe za moto machoni.

Fanya kazi ukiwa umevaa viatu, mikono mikavu, mahali penye mwanga na hewa, na usiwe peke yako. Watoto wasikaribie meza.

Vipo vifaa ambavyo asiye na mafunzo asivifungue kamwe. Runinga za zamani zenye kioo cha mgongo mrefu huhifadhi maelfu mengi ya volti. Oveni za mikrowevu zina kapasita ya volti zaidi ya 2,000 na zimewaua hata mafundi wenye uzoefu. Betri za simu zilizofura nazo zisitobolewe, kwani hulipuka na kuwaka moto usiozimika kwa urahisi.

MACHO, PUA NA MASIKIO

Kabla ya kugusa mita, fundi stadi huanza kwa kumhoji mwenye kifaa. Je, kilizima ghafla au kilianza kusumbua kidogo kidogo? Umeme ulikuwa umepotea? Kuna aliyemwaga maji au chai?

Majibu huonyesha njia. Kifaa kisichoonyesha dalili yoyote ya uhai huelekeza shaka kwenye fyuzi na upande wa kuingilia umeme. Kifaa ambacho taa yake huwaka na kuzima kwa mpigo, au kinachowaka tu baada ya kuachwa kwa muda kipate joto, huelekeza shaka kwenye kapasita za upande wa kutokea. Redio inayonguruma hata sauti ikipunguzwa huwa na kapasita iliyochoka kusafisha mawimbi.

Baada ya hapo bodi hutazamwa chini ya mwanga mkali, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Kapasita nzima huwa na kichwa bapa chenye mikwaruzo mfano wa msalaba. Iliyoharibika kichwa chake hufura kama mkate, au huvuja majimaji ya kahawia. Wakati mwingine hufura chini na kuonekana imeinama upande. Usiyachanganye majimaji hayo na gundi ambayo viwanda huitumia kushikilia vipande vikubwa.

Resista iliyoungua hubadilika rangi na kuwa nyeusi. Transista iliyopasuka huwa na ufa au tundu. Fyuzi ya kioo nayo husimulia: ikiwa uzi umekatika tu na kioo ni safi, huenda ilikuwa ni mpando mdogo wa umeme; ikiwa kioo kimegeuka cheusi, basi kuna kipande kilichogusana ndani na fyuzi mpya itakatika papo hapo.

Geuza bodi utazame upande wa lehemu. Kiungo kizima hung'aa na huwa na umbo la mlima mdogo. Kilicholegea huwa na duara jembamba la ufa kuzunguka mguu wa kipande. Hitilafu hii hutokea sana kwenye vipande vizito na vile vinavyopata joto, na tiba yake ni kulehemu upya tu bila kununua chochote.

Pua pia ni kifaa cha kazi. Harufu ya transfoma iliyoungua ni kali na haisahauliki, na aghalabu huashiria kwamba matengenezo hayatalipa.

MITA YASEMAJE?

Macho hutoa shaka; mita hutoa ushahidi. Mita ya kawaida ya tarakimu yatosha kwa kazi nyingi.

Anza na fyuzi. Weka mita kwenye alama ya mlio na uguse ncha zote mbili. Ikilia, fyuzi ni nzima. Isipolia, imekatika.

Kwa dayodi, weka mita kwenye alama ya dayodi. Dayodi nzima husoma kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja na haisomi kitu ukigeuza nyaya. Zile za upande wa kutokea zinaweza kusoma 0.2 au 0.3 na zikawa nzima. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imegusana ndani. Isiposoma upande wowote, imekatika.

Kwa resista, ni lazima ujue kusoma rangi. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sufuri. Kwa hivyo manjano, zambarau na nyekundu ni 4, 7 na sufuri mbili, yaani omu 4,700. Mstari wa dhahabu mwishoni humaanisha kuwa kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5.

Hapa pana mtego. Kipande kikipimwa kikiwa bado kwenye bodi, umeme wa mita hupita pia katika vipande vingine vilivyoungana nacho, na kipimo kikawa cha chini kuliko ukweli. Kabla ya kutoa hukumu, inua mguu mmoja wa kipande kutoka kwenye bodi kisha upime tena.

Kapasita ina hila zaidi. Inaweza kupimwa ikaonyesha mikrofaradi sahihi na bado ikawa mbovu, kwa sababu ukinzani wa ndani umepanda na haiwezi tena kutoa umeme kwa kasi. Ipo mita maalumu ya kupima ukinzani huo. Asiye nayo hujaribu kwa kubadilisha na kapasita mpya. Gharama yake ni ndogo na jibu hupatikana mara moja.

SIKU KAPASITA ZILIPOUGUA DUNIANI

Anayedhani kapasita ni jambo dogo na akumbuke yaliyotokea kati ya mwaka 1999 na 2007. Katika miaka hiyo, kapasita nyingi zilizotengenezwa Asia ya Mashariki, hasa Taiwan, zilikuwa na majimaji yenye mchanganyiko wenye kasoro. Zilifura na kuvuja kabla ya wakati wake, zikaharibu tarakilishi, runinga na vifaa vingine katika nchi nyingi. Kampuni kubwa za tarakilishi zililazimika kubadilisha bodi kwa gharama ya mamilioni ya dola.

Tarakilishi za kizazi hicho ziliendelea kuuzwa kama mitumba barani Afrika miaka mingi baadaye. Mafundi wengi walijifunza kubadilisha kapasita kwenye bodi hizo hizo, na somo likabaki: kifaa chaweza kuwa na jina kubwa na bado kikaangushwa na kipande kidogo kabisa.

KUCHAGUA KIPURI MBADALA

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa kapasita. Tuseme yanasema mikrofaradi 1,000, volti 16, nyuzi 105. Kila nambari ina sheria yake.

Mikrofaradi ziwe zile zile, au karibu sana. Volti ziwe sawa au zaidi, wala zisipungue kamwe. Ya volti 25 yaweza kuchukua nafasi ya volti 16 iwapo inaenea. Joto liwe nyuzi 105 na wala si 85. Aidha, kwa bodi za aina hii omba kapasita yenye ukinzani mdogo wa ndani, kwani ya kawaida itachoka upesi.

Umuhimu wa joto unaonekana kwa hesabu rahisi. Kapasita nyingi huandikiwa maisha ya saa 2,000 kwa nyuzi 105. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, maisha huongezeka maradufu. Ikifanya kazi kwa nyuzi 75, itadumu takriban saa 16,000, ambazo hazifiki miaka miwili kwa kifaa kisichozimwa. Ikishushwa hadi nyuzi 65, itadumu saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Hii ndiyo sababu king'amuzi kilichofunikwa kitambaa au kubanwa chini ya runinga hufa mapema.

Kwa fyuzi, nambari ya ampea iwe ile ile. Fyuzi kubwa zaidi si fyuzi imara. Ni fyuzi isiyolinda. Uzi wa waya au karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara si fyuzi hata kidogo. Ukimwona fundi akifanya hivyo, chukua kifaa chako uondoke.

Kwa transista na dayodi, tumia nambari iliyoandikwa juu yake. Isipopatikana, mbadala uwe na volti na ampea zisizopungua za mwanzo, na mpangilio wa miguu uwe sawa.

Jihadhari na bidhaa ghushi. Zipo kapasita zenye mkebe mkubwa ambazo ndani yake mmetiwa kapasita ndogo ya thamani ya chini. Uzito mwepesi kupita kiasi ni dalili mojawapo, na kuipima kabla ya kuilehemu ndiyo kinga. Mafundi wengi huhifadhi bodi zilizokufa ili kung'oa vipande vizima. Desturi hiyo ni nzuri kwa resista, dayodi na transfoma, lakini si kwa kapasita za majimaji, kwani nazo zimezeeka.

KUTOA NA KULEHEMU

Kulehemu si jambo geni Mombasa. Masonara na mafundi wa bati waliijua kazi hii kwa moto wa makaa kabla ya chuma cha umeme kufika. Kanuni haijabadilika: chombo kiwe safi, moto uwe wa kutosha, mkono uwe mwepesi.

Piga picha ya bodi kwa simu kabla ya kutoa chochote. Kapasita ya majimaji ina upande wa chanya na wa hasi. Mstari mweupe ubavuni huonyesha mguu wa hasi. Ikirudishwa kinyume, itapata joto na kupasuka kwa kishindo. Usitegemee michoro ya bodi pekee, kwani viwanda havifuati alama moja.

Tumia chuma cha wati 30 hadi 40. Lehemu ya kawaida yenye bati na risasi huyeyuka karibu nyuzi 190. Isiyo na risasi, iliyo kwenye bodi nyingi za kisasa, huhitaji zaidi ya nyuzi 215. Ikiwa ile ya zamani inakataa kuyeyuka, iongezee mpya kidogo na italainika.

Pasha mguu mmoja, vuta kipande polepole, kisha pasha wa pili. Usivute kwa nguvu. Njia nyembamba ya shaba iliyobandikwa kwenye bodi huweza kung'oka nayo. Safisha tundu kwa bomba la kunyonya lehemu au kwa utepe wa shaba.

Ingiza kipande kipya hadi kikae sawasawa. Gusisha chuma kwenye mguu na kwenye shaba kwa pamoja, subiri sekunde moja au mbili, kisha leta lehemu igusane na kiungo, si na chuma. Ikienea, ondoa lehemu kwanza halafu chuma. Kazi yote isizidi sekunde nne. Usiipulize ipoe, iache itulie yenyewe. Kata miguu iliyozidi na usafishe kwa spiriti na mswaki wa zamani.

Moshi usiuvute. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Meza ya chakula haifai kuwa meza ya kulehemu.

KUJARIBU BILA KULIPUA

Wengi huharibu kazi dakika ya mwisho kwa kuchomeka moja kwa moja ukutani. Mafundi wa zamani wana njia ya hekima: balbu ya kawaida ya uzi, ya wati 60, hufungwa katika njia ya waya wa moto unaoingia kwenye kifaa.

Kifaa kikiwa kizima, balbu humulika mara moja kisha hufifia. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu zote, bado kuna mahali pamegusana. Chomoa urudi kwenye mita. Balbu huzuia mkondo mkubwa, nawe hupotezi vipuri ulivyoweka karibuni. Kumbuka kwamba bodi bado ina umeme wa ukutani, hivyo usiiguse.

Hatimaye pima volti za kutokea. Iliyoandikwa 12 isome karibu na 12. Funga kasha, uache kifaa kifanye kazi kwa saa moja, kisha ukague kama kuna joto lisilo la kawaida au harufu.

IWAPO HAIFAI KUTENGENEZA

Ufundi ni pamoja na kujua kusema hapana. Bodi iliyoungua hadi kuwa makaa haiaminiki tena, kwani makaa yenyewe hupitisha umeme. Bodi iliyoliwa na chumvi kila upande itarudi mezani kila mwezi. Vifaa vya hospitali vinavyotegemewa na mgonjwa vipelekwe kwa wataalamu wake.

Kilichoshindikana kisichomwe wala kisitupwe baharini. Moshi wa nyaya na bodi una sumu, na risasi ikiingia ardhini haitoki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawawajibisha watengenezaji na waagizaji kwa bidhaa zao hata baada ya kutumika, na inataka taka zitenganishwe kabla ya kuondolewa. Hadi pale mpango huo utakapofika katika kila mtaa, fundi anayeng'oa vipuri vizima kwa matumizi mengine hupunguza mzigo huo.

KINGA NA MAFUNZO

Mkazi wa kisiwani anaweza kujikinga kwa hatua chache. Chomoa vifaa umeme unapopotea na usubiri dakika kadhaa baada ya kurejea. Tumia kifaa cha kulinda mpando wa umeme. Acha nafasi ya hewa kila upande. Weka vifaa mbali na dirisha linaloelekea baharini, na umwombe fundi asafishe vumbi na chumvi mara moja kwa mwaka. Bodi iliyotengenezwa yaweza pia kupakwa vanishi maalumu ya kuzuia unyevu.

Kwa vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa riziki, njia zipo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor kina mizizi katika taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME. Mwaka 1966 kilikuwa taasisi ya ufundi, 1972 kikawa politeknia, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa waliojifunza mezani kwa fundi, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, hivyo ujuzi wa jua kali unaweza kupata cheti.

Kwa mwenye kifaa, somo ni fupi. Kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe kipande alichokitoa, akueleze kiliharibikaje, na akuambie ni nini kilichokiharibu. Fundi anayebadilisha fyuzi bila kutafuta sababu amekuuzia siku chache tu za utulivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Mji wa Kale, ukuta huo ni wako na wa jirani yako pia.